Jinsi ya kuisikiliza "Golden Hour" ya Kacey Musgraves ikiwa ulilelewa na Jim Reeves na Kenny Rogers

Sisi watu wa Bonde la Ufa tunaijua kantri kuliko wageni wanavyodhani. Bendi yangu hupiga Jumapili mchana katika bustani ya hoteli moja hapa Nakuru, na maombi tunayoletewa na wahudumu hayabadiliki: Kenny Rogers, Don Williams, Dolly Parton, Jim Reeves, na jua likianza kuzama, Skeeter Davis. Nawapenda wote hao, na nitawapiga maadamu vidole vina nguvu. Lakini nikitaja albamu yoyote iliyotoka baada ya mwaka 2000, nyuso zinakunjamana. "Hizo za siku hizi si kantri." Ninyi mnaosema hivyo ndio ninaowaandikia, maana masikio yenu ndiyo yaliyoandaliwa vizuri zaidi kwa albamu hii.

"Golden Hour" ilitoka tarehe 30 Machi 2018. Kacey Musgraves alizaliwa mwaka 1988, akakulia Golden, kijiji cha mashariki mwa Texas, na alipoitoa hakuwa mgeni mjini Nashville, kitovu cha muziki wa kantri. Albamu yake ya mwaka 2013, "Same Trailer Different Park", ilikuwa imeshampa Grammy ya albamu bora ya kantri. Hii ya 2018 ikaruka uzio kabisa. Novemba mwaka huohuo ilitangazwa albamu ya mwaka kwenye tuzo za CMA, ambazo ni tuzo za watu wa kantri wenyewe, na Februari 2019 ikachukua Grammy nne, ikiwemo ya Albamu ya Mwaka, inayogombewa na muziki wa kila aina.

Pamoja na hayo yote, redio za kantri za Marekani hazikuipiga kwa wingi. Nalieleza hili mapema kwa sababu ndilo linaloifanya albamu hii ihitaji kutafutwa. Mwaka 2015 mshauri mmoja wa redio za huko alisema hadharani kwamba kituo kinachotaka wasikilizaji wengi kiwapunguze wanawake. Akafananisha orodha ya nyimbo na sahani ya saladi: majani ni waimbaji wanaume, wanawake ni nyanya za kutupia hapa na pale. Kauli hiyo ilizua hasira kubwa, lakini aliyoyasema yalikuwa yakitendeka kabla hajayasema. Kwa hiyo unaposikia kantri ya kisasa kutoka Marekani ukaona ni wanaume watupu wakiimba magari na bia, jua kwamba umefikiwa na kilichokwisha kuchujwa. Wanawake wanaoandika vizuri wapo. Inabidi uwafuate mwenyewe.

Kabla ya kubonyeza

Albamu ina nyimbo 13 na inachukua karibu dakika 46. Zisikilize kwa mpangilio wake. Kama programu ya simu yako inazichanganya nyimbo, zima kitufe hicho. Kama ni ya bure na inakulazimisha, nenda YouTube utafute orodha kamili, au zipakue kwa bando la usiku ili matangazo yasikukatize katikati. Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona watu wakisikiliza wimbo wa 11, "High Horse", peke yake na kuihukumu albamu nzima kwa huo mmoja.

Vaa hedifoni, hata za bei ya mtaani. Kispika kidogo cha bluetooth hukusanya sauti ya kushoto na ya kulia ikawa moja, na humu kuna vitu vilivyowekwa upande mmoja kwa makusudi. Halafu fungua mipangilio ya sauti kwenye simu na uondoe besi ya ziada. Tumezoea besi ya matatu, najua, lakini ala ninayotaka uifuate inaishi juu kidogo ya katikati, karibu na mahali inapokaa sauti ya mwanamke, na besi ikizidi inazimeza zote mbili.

Mara ya kwanza, acha maneno yapite

Usitafute mashairi ya nyimbo kwanza. Kaa tu uisikie sauti yake. Kacey hapazi sauti. Hana zile noti ndefu za kuonyesha ubingwa, na mtu aliyezoea waimbaji wa kwaya anaweza kudhani hawezi. Anaimba akiwa karibu na maikrofoni, kama mtu anayezungumza na mwenzake jikoni, na hiyo ni kazi ngumu kuliko kupaza. Ukipaza, kosa dogo linafunikwa. Ukiimba kwa utulivu huo, kila herufi inaonekana.

Sehemu kubwa ya albamu ilirekodiwa katika studio ya mwimbaji Sheryl Crow, Nashville, iliyo ghorofani juu ya zizi la farasi. Kacey aliizalisha pamoja na watu wawili, Daniel Tashian na Ian Fitchuk, na hao wawili pia walipiga ala nyingi na kuandika naye nyimbo kadhaa. Ndiyo maana inasikika kama kazi ya watu wachache waliofungiana chumba kimoja. Ukianza "Slow Burn", wimbo wa kwanza, sikia jinsi gitaa kavu linavyosimama na sauti yake tu, kisha vyombo vingine vinaingia bila kusukumana. Hakuna anayeharakisha. Kama wimbo huo haukukutuliza, simamisha, maliza shughuli zako, urudi ukiwa na nafasi. Sikuambii hivi kwa madaha. Albamu hii haisikiki ukiwa unakimbilia basi.

Mara ya pili, fuata stili

Hapa ndipo nitakapokaa, kwa sababu hapa ndipo jibu la "si kantri" lilipo.

Ile sauti ya kulia iliyo nyuma ya Jim Reeves na wenzake, inayopanda na kushuka bila ngazi, ni gitaa la stili. Kuteleza chuma juu ya nyuzi kulitoka Hawaii mwishoni mwa karne ya 19, na wachezaji wa kantri wakakuchukua. Baadaye ikaja stili ya pedali. Mwaka 1953 Bud Isaacs aliipiga kwenye "Slowly" ya Webb Pierce, na wimbo huo ulipovuma mwaka uliofuata, wapiga stili wenzake wakawakimbilia mafundi wawafungie pedali nao.

Chombo chenyewe hakishikwi begani. Kimesimama kwa miguu yake, nyuzi zimelala juu, na aina inayopendwa zaidi Nashville ina nyuzi 10. Mpigaji huketi nyuma yake kama fundi cherehani, kila kiungo kina kazi. Mkono wa kushoto umeshika kipande kizito cha chuma kinachoteleza juu ya nyuzi, wala haubonyezi kitu. Mkono wa kulia unadonoa kwa kidole gumba na vidole viwili au vitatu vilivyovikwa kucha za bandia. Mguu wa kushoto unakanyaga pedali, na kila pedali inakaza nyuzi fulani tu, nyingine zinabaki zilivyo. Magoti yanasukuma vyuma vya pembeni vinavyokaza au kulegeza nyuzi nyingine. Mguu wa kulia uko kwenye pedali ya sauti, ukiongeza na kupunguza.

Hilo la pedali kukaza uzi mmoja na kuuacha mwingine ndilo siri yote. Noti mbili zinatulia mahali pake, ya tatu inapanda katikati yao mpaka inakutana nazo, na kifua chako kinajibu kabla hujajua kwa nini. Na hilo la mguu wa kulia ndilo linalowapotosha wengi: mpigaji anadonoa uzi wakati sauti iko chini, kisha anaifungua taratibu, kwa hiyo noti inaingia bila kishindo cha kudonolewa. Mtu akiisikia anadhani ni fidla au kinanda.

Sasa vaa hedifoni, nenda wimbo wa 7, "Space Cowboy". Usimfuate Kacey. Mwache aimbe, wewe sikiliza nyuma yake na pembeni yake. Ile mistari mirefu inayokuja sauti yake inapopumzika, inayojaza nafasi halafu inajiondoa anaporudi, hiyo ni stili, na aliyeipiga kwenye albamu hii ni Russ Pahl, mmoja wa wapigaji wa studio wanaoheshimika Nashville. Haipigwi kwa fujo za zamani, haijitangazi. Imetandazwa kama hewa ya chumba. Ukishaijua hapo, rudi "Butterflies", wimbo wa 3, uitafute tena.

Mjomba wangu ana kanda za Jim Reeves tangu ujana wake na bado anazo kwenye boksi la viatu. Alikuja kututembelea, akakuta nimeweka "High Horse", akakunja uso.

"Mama, hii ni disko."

"Ni disko kweli, Mjomba. Nipe wimbo mmoja tu halafu nitakuwekea wako."

Nikamwekea "Space Cowboy". Aliendelea kunywa chai, akaangalia dirishani, hakusema kitu. Kiitikio kilipopita akaweka kikombe chini.

"Huyo anayelia huko nyuma ni nani?"

"Ni stili, Mjomba."

"Irudishe mwanzo."

Hakusema kwamba amebadilisha mawazo, na mimi sikumwuliza. Lakini aliniomba nimtumie kwenye simu yake, na mjomba wangu haombi kitu asichokitaka.

Ukimaliza stili, tafuta banjo. Iko kwenye "Oh, What a World", wimbo wa 4, na hapo kuna jambo la kufurahisha sana. Wimbo unaanza na sauti ya mtu iliyopitishwa kwenye vokoda, mashine inayoifanya sauti ya binadamu iimbe kupitia kinanda, na inasikika kama roboti. Baadaye banjo inaingia juu yake. Wazee wa kantri wanaikataa vokoda na kuipokea banjo kana kwamba ni kitu cha milima ya Marekani tangu dunia iumbwe. Banjo ilivuka bahari na Waafrika waliouzwa utumwani, na ndugu zake bado wanapigwa Senegal na Gambia. Mmojawapo ni akonting ya Wajola. Kwa hiyo humo ndani ala ya Kiafrika na mashine ya umeme zimeketi kiti kimoja, na wimbo unazungumzia jinsi dunia hii ilivyo ya ajabu. Mimi sijaona mahali pengine hilo lilipofanywa kwa upole namna hiyo.

Mara ya tatu, maneno

Sasa tafuta maneno ya nyimbo, yasome kama barua. Kiingereza chake ni cha kawaida kabisa, hutahitaji kamusi. Ubora wa kantri tangu enzi za mwimbaji Loretta Lynn ni kwamba mtu anataja kitu cha nyumbani kwao na wewe unakiona. Katika "Slow Burn" anasema alizaliwa kabla ya wakati na tangu hapo amekuwa akichelewa, na kwamba bibi yake alilia siku aliyotoboa pua. Basi. Hajakueleza bibi alikuwa mtu wa namna gani wala kijiji chao kilikuwa na dini gani, lakini ukoo mzima umeshauona, na ukiwa umekulia kwa bibi mwenye msimamo, unajua hata kitambaa alichofutia machozi.

"Mother" ni fupi, dakika moja na ushei. Aliiandika baada ya kupata ujumbe wa simu kutoka kwa mama yake. Anasema anamkumbuka mama yake, na kwamba pengine wakati huohuo mama naye anamkumbuka mama yake mzazi. Imekwisha. Mwandishi mwingine angeongeza beti mbili za kuelezea. Yeye alijua pa kukomea.

Jina la "Space Cowboy" lisikudanganye, hakuna anayekwenda mwezini. Ni mwanamke anayemwacha mwanamume aondoke kwa sababu tayari ameshaondoka moyoni. Anasema farasi akitaka kukimbia hakuna haja ya kufunga lango. Hana matusi, hana kisasi, wala hajifanyi haumii. Nyimbo za kuachana zipo elfu, na nyingi zinataka umchukie aliyeondoka. Huu haukutaki umchukie mtu.

Na "Happy & Sad", wimbo wa 8, ndio ninaoupenda kuliko yote. Ni mtu aliye kwenye furaha kubwa na tayari anaogopa itakapoisha. Aliandika nyimbo hizi nyingi kipindi alipokuwa amempenda mwanamuziki Ruston Kelly. Walioana Oktoba 2017. Furaha ya albamu ni ya kweli, na hofu iliyo chini yake ni ya kweli pia.

"Velvet Elvis" na "Wonder Woman" ni tamu, pita nazo. Nadhani "Velvet Elvis" ndio wimbo dhaifu kuliko yote humu, ingawa hauumizi mtu. "High Horse", yule wa disko, usiurukie wala usiuruke. Ukiufikia ukiwa umetoka wimbo wa kwanza kwa mpangilio, unafanya kazi yake: umekuwa kwenye utulivu muda mrefu na sasa miguu inataka kuamka. Anamsema mtu mwenye majivuno, na ukisikiliza maneno utakuta ni kijembe cha kijijini kilichovalishwa viatu vya kuchezea.

Wimbo wa mwisho, "Rainbow", ni piano na sauti yake peke yake. Zima feni, funga dirisha kama jirani anaranda mbao. Sikiliza anavyovuta pumzi kabla ya mstari.

Kama unapiga gitaa

Wapigaji wa Nashville huandika kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, kwa namba: 1 ni kodi ya nyumbani, 4 na 5 ni majirani zake, na kadhalika. Mwimbaji akisema leo sauti yangu iko chini, wanashusha wimbo wote bila kuandika upya hata karatasi moja. Jifunze utaratibu huo kwa nyimbo unazozijua tayari, halafu keti na albamu hii ukiwa na kalamu, uandike namba kwa sikio. Utagundua kwamba mahali pengi kodi ni zilezile za Don Williams. Kilichobadilika ni nafasi iliyoachwa kati yake.

Huna stili, na mimi sina. Lakini gitaa la umeme linaweza kuiga lile jambo la noti mbili kutulia na moja kupanda. Weka kidole kidogo freti ya 8, kibonyeze uzi wa kwanza na wa pili kwa pamoja. Kidole cha pete kiweke freti ya 7 kwenye uzi wa tatu, na cha kati kikisaidie nyuma yake. Donoa nyuzi zote tatu kwa pamoja, kisha uvute huo wa tatu mpaka D iwe E, na zile mbili zisitikisike hata kidogo. Umeifikia kodi ya C kwa mlango wa nyuma. Shida ya wanaoanza ni kwamba kidole kidogo kinavutwa pamoja na mwenzake, na noti mbili za juu zinapotoka. Fanya polepole sana, bila bendi, mpaka zitulie. Tumia nyuzi nyembamba. Nyuzi nene za gitaa kavu zitakuumiza bure. Ukitaka kumwiga na yule mguu wa kulia, funga kitufe cha sauti kwenye gitaa, donoa, halafu ukifungue kwa kidole kidogo uzi ukiwa bado unalia. Hiyo usiichanganye na ile ya kwanza, maana kidole ni kilekile.

Baada ya hapo

Ukiizoea, rudi kwenye ile ya 2013, "Same Trailer Different Park", ambayo ni kantri wazi zaidi na ina ulimi mkali kuhusu maisha ya miji midogo. "Deeper Well" ya Machi 2024, aliyoirekodi New York katika studio za Electric Lady, iko karibu zaidi na "Slow Burn". Wapenzi wa gitaa kavu mtaipenda. "Star-Crossed" ya mwaka 2021 iweke mwisho. Ni albamu ya talaka, kwa sababu ile ndoa ya 2017 ilivunjika mwaka 2020, na haikuumi ipasavyo kama hukuwahi kuisikia furaha iliyoitangulia. Waandaaji wa Grammy waliikatalia nafasi kwenye kundi la albamu za kantri, ingawa wimbo wake mmoja, "Camera Roll", waliupokea kwenye kundi la nyimbo za kantri. Sasa unaijua stili inavyosikika, kwa hiyo isikilize yote uone ni wapi ipo na wapi haipo, halafu uamue mwenyewe kama walikuwa sahihi.